Sumu ya Panya na Wasiokuwamo

Kila jioni, saa kumi na moja ikishapita na ofisi za Nairobi kufungwa, makarani na wafanyakazi humiminika katika njia za River Road na Tom Mboya wakitafuta gari la kuwarudisha nyumbani. Katika msongamano huo husikika sauti za wachuuzi, wengine wakiwa na vipaza sauti vinavyorudia maneno yale yale bila kuchoka: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Bei yake ni ndogo, na mnunuzi hana haja ya kusimama sana. Hutoa sarafu zake, hutia mfukoni pakiti ndogo, kisha hupanda gari namba 46 la kwenda Kawangware, au lile la Kangemi, au la Dagoretti.

Mtu huyo ana haki ya kuwachukia panya. Wametoboa gunia la mahindi aliloletewa kutoka shamba. Wameguguna nguo za Jumapili na vyeti vya shule vya watoto. Usiku hukimbizana darini hata watu wasipate usingizi, na mkojo na mavi yao huchafua chakula na kueneza maradhi. Hapana awezaye kumlaumu kwa kutaka kuwaua. Walakini wazee walinena kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Ikiwa hivyo ndivyo ulivyo mtego, ambao ni kitu cha kuonekana kwa macho, sumu iliyofichwa ndani ya chakula itakuwaje?

Mji wa Nairobi wenyewe una sababu ya kulikumbuka neno hilo. Reli ilifika mahali hapo mwaka 1899, na baada ya muda mfupi pakawa na mtaa wa maduka ya Wahindi, uliojengwa kwa mbao na mabati, watu wakisongamana pasipo mifereji ya kutosha. Mwaka 1902 ikaingia tauni. Dr. Alfred Spurrier, daktari wa serikali, akaamuru mtaa ule uchomwe moto, nao ukachomwa. Wenye maduka wakapoteza makao na riziki zao. Hata hivyo moto haukuimaliza tauni. Iliuzukia mji tena katika miaka iliyofuata, kwa kuwa taka na maji machafu yalikuwa yangaliko. Na mwaka 1913, alipokuja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza hali ya afya, miongoni mwa mashauri aliyoyatoa ni kwamba watu watengwe kwa rangi zao, kana kwamba kiroboto huuliza rangi ya mtu kabla ya kumwuma.

Habari ya kiroboto ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1898 Mfaransa mmoja, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi ya kuwa tauni hutoka kwa panya ikamfikia mtu kwa kuumwa na kiroboto. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha na kutafuta mwenye damu ya moto. Kwa hiyo kuua panya peke yake si mwisho wa kazi, na mzoga wake si kitu cha kushikwa kwa mkono mtupu. Fundisho la moto wa 1902 ni kwamba silaha isiyochagua huwaumiza wasio na hatia, na tena, isipogusa chanzo cha jambo, haileti salama ya kudumu.

Sasa na itazamwe pakiti iliyomo mfukoni mwa karani. Sumu za panya si za namna moja. Zipo zinazoua upesi, kama zinki fosfidi, ungaunga wa rangi ya kijivu au mweusi wenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ikifika tumboni hukutana na asidi na kutoa hewa ya sumu inayoharibu moyo, mapafu na ini. Sumu hiyo haina dawa maalumu ya kuitangua. Daktari hufanya awezavyo kumsaidia mgonjwa astahimili mpaka mwili wenyewe uishinde.

Zipo tena zinazoua polepole, na asili yake itawapendeza wakulima. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya kaskazini na wa Kanada walianza kufa kwa kutokwa na damu isiyoganda, baada ya kula majani makavu yaliyoingia kuvu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji nyingi mpaka chuo kikuu cha jimbo lake, akiwa na ng'ombe aliyekufa, sehemu ya majani yale, na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Karl Paul Link na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi mpaka wakakipata kitu kilichozuia damu kuganda, na kutokana na maarifa hayo ikapatikana warfarini, iliyoanza kutumika kuulia panya mwaka 1948. Faida yake ni kwamba panya hafi papo hapo. Hufa baada ya siku kadhaa, hata wenzake wasijue kilichomwua, nao huendelea kula chambo kile kile. Mwaka 1958 walionekana huko Uskoti panya wasiodhurika kwa warfarini, na kwa sababu hiyo zikatengenezwa dawa kali zaidi za ukoo huo huo. Mtu aliyekula sumu za namna hii aweza kutibiwa kwa vitamini K, mradi afikishwe hospitali mapema.

Hapo ndipo penye hatari ya pakiti isiyo na jina. Mara nyingi kinachouzwa njiani ni unga uliofungwa katika karatasi au mfuko wa plastiki, pasipo jina la dawa, pasipo maelezo, pasipo jina la aliyeitengeneza. Hata muuzaji hajui ni kitu gani. Ajualo ni kwamba kinaua. Sheria ya Kenya ya mwaka 1982 yataka dawa za namna hii ziandikishwe na bodi ya serikali kabla ya kuuzwa, na kila chombo kiwe na maandishi yake. Wengine hudhani kuwa maandishi hayo ni ya kuwafaidia wafanyabiashara wakubwa tu. Sivyo. Mtoto akiletwa hospitalini amekula sumu, swali la kwanza la daktari ni: amekula nini? Mzazi mwenye pakiti yenye jina amekwisha mpa daktari nusu ya dawa. Mzazi asiye na jina amemfunga daktari macho.

Na mtoto huyo si mtu wa kubuniwa ili kuwatisha wasomaji. Katika nyumba nyingi za kupanga za Kawangware na Kangemi, chumba kimoja ndicho jiko, ndicho ghala, ndicho mahali pa kulala. Sumu hupakwa juu ya kipande cha mkate, nyanya, ugali au dagaa, ikawekwa chini ya kitanda. Chambo kinachompendeza panya humpendeza mtoto atambaaye pia, naye yuko karibu na sakafu kuliko mtu mwingine yeyote wa nyumba ile. Tena sumu iletayo damu haionyeshi dalili siku ile ile. Mtoto aweza kucheza vizuri siku mbili, kisha ndipo atokwe na damu puani au katika ufizi. Kwa hiyo mzazi akijua au akishuku kwamba mtoto amekula chambo, asingoje aone ugonjwa. Asimpe maziwa akidhani ni dawa, wala asimlazimishe kutapika. Ampeleke hospitali mara moja, na pakiti aichukue mkononi.

Katika mitaa yenye bustani kubwa, kama Lavington, wasiokuwamo ni wengine. Panya aliyekula sumu polepole hulegea kwa siku kadhaa kabla ya kufa, na katika kulegea huko hukamatwa kwa urahisi na paka, mbwa, mwewe au bundi. Basi mwenye nyumba huua panya mmoja, na pamoja naye humwua paka ambaye angalikamata panya wengi. Bundi naye, ambaye wengi humfukuza wakimwita ndege wa mkosi, kazi yake usiku kucha ni kula panya. Amwuaye bundi amewapa panya raha.

Yote haya hayana maana kwamba sumu isitumike kamwe. Ipo siku ambayo panya wamezidi, na mtego na paka havitoshi. Siku hiyo mwenye nyumba na atumie dawa iliyoandikishwa, ambayo chambo chake kimetiwa rangi ili kisidhaniwe kuwa chakula, na zaidi ya hayo afuate maandishi yaliyo juu yake. Chambo kitiwe ndani ya sanduku gumu lililofungwa, lenye tundu la kupita panya tu, na sanduku likazwe kandokando ya ukuta anapopita panya, ambapo huonekana mavi yake na alama nyeusi za mafuta ya mwili wake. Kisitupwe ovyo, kisiwekwe jikoni penye vyombo, wala sumu isihifadhiwe katika chupa ya soda au kopo la unga. Panya wakubwa huogopa kitu kipya, hivyo subira ya siku kadhaa ni lazima. Mizoga itafutwe kila siku, iokotwe kwa mfuko au glavu, na kuzikwa chini sana. Chambo kilichosalia kikusanywe chote.

Lakini hata yeye aliyefanya hayo yote kwa uangalifu atakuwa amewaua panya wa mwezi huu tu. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu hivi, na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Chakula kikiwapo na tundu likiwapo, nafasi ya waliokufa hujazwa upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa habari ya panya methali hii ni kweli kwa maneno yake yenyewe. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu la upana wa penseli, na yule mkubwa katika tundu la upana wa kidole gumba. Simenti kidogo, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikisukumwa ndani ya ufa, kipande cha bati chini ya mlango, na pipa la bati lenye mfuniko wa kutunzia mahindi: gharama ya vitu hivi ni ya mara moja, lakini gharama ya sumu hairudi nyuma kamwe.

Na hapa mtu mmoja hawezi peke yake. Safu ya vyumba kumi chini ya paa moja ina dari moja, na panya hawajui mpaka wa mpangaji huyu na yule. Taka zikilala nje ya lango kwa juma zima, panya wa wote wanalishwa na wote. Wapangaji wakipatana siku ya kuzoa taka, wakamwendea mwenye nyumba kwa sauti moja kuhusu mashimo na mfereji uliovunjika, na ikibidi wakamwita Bwana Afya, watapata mengi kuliko pakiti kumi zilizonunuliwa kwa siri na watu kumi.

Basi karani wa Kawangware, akikisikia tena kile kipaza sauti jioni, na aulize kwanza: dawa hii yaitwaje? Asipojibiwa, airudishe. Akijibiwa, ajiulize tena ataiweka wapi ndani ya chumba ambamo mtoto wake analala sakafuni, na ni tundu gani lililowaleta panya hao. Huenda akaona kwamba sarafu alizozishika mkononi zingefaa zaidi zikinunua simenti.