Akikauka Hakunjiki

Dagaa wa Kigoma niliwajua kwanza kwa meno. Punje ya mchanga ilisagika katikati ya tonge, mkeka mzima ukaisikia, na hakuna aliyesema neno. Mitumbwi ilipofika mwaloni Kibirizi alfajiri, karabai zimezimwa, bibi alijitwika beseni, akawamwaga dagaa ufukweni na kuwatawanya kwa kiganja. Kiangazi, jua likiwaka sawasawa, jioni alishawazoa.

Siku za mbalamwezi taa haivuti dagaa, na wavuvi hupumzika. Ndipo bibi alipogeukia kambare wa Malagarasi. Nilimshika kichwa, yeye akauzungusha mkia mpaka mdomoni, akachomeka kijiti usifyatuke, kisha pete ile ya samaki ikapanda juu ya moshi. Akikunjwa hivyo hukaa vizuri tengani na hakatiki njiani. Siku moja nilichukua aliyekwisha kukauka amenyooka, nikajaribu kumkunja. Ka! Vipande viwili.

"Umeona, mume wangu?" bibi akasema. "Samaki mkunje angali mbichi."

Shuleni nilifundishwa kwamba maana yake ni mtoto afunzwe mapema. Sawa. Nusu ya pili, ya mkavu asiyekunjika, watu wazima huachiwa waimeze wenyewe.

Baadaye wakaja watu wa kuhimiza vichanja: meza za miti zilizotandikwa wavu, dagaa wapigwe upepo juu na chini, mvua ikitanda wafunikwe upesi. Bibi aliwasikiliza, akawapa maji ya kunywa, akarudi ufukweni. "Mchanga haununuliwi," alisema. Sikumlaumu sana, maana miti na wavu ni fedha. Ila wachuuzi waliopeleka mzigo Dar es Salaam walikuwa na desturi ya kutafuna dagaa mmoja kabla ya kutaja bei, na jino likigonga mchanga, bei ilishuka papo hapo.

Masika moja mvua ilimkuta mzigo wote uko chini. Dagaa wakaoza. Nami, kijana mwenye ulimi, nikamwambia, "Bibi, nawe umeshakauka."

Alicheka mpaka akakaa kitako. "Mkavu hakunjwi, mume wangu. Hulowekwa."

Kiangazi kilichofuata wajomba walimjengea kichanja. Kimoja tu. Juu yake alianika dagaa wa kuuza. Wa kula nyumbani aliendelea kuwaanika mchangani.