Jina la Ugonjwa

Sikuwa msomaji wa riwaya za kutisha. Kwa miaka mingi nilizihesabu kuwa burudani ya vijana wanaopenda kukosa usingizi. Kwa hiyo klabu yetu ya usomaji, inayokutana maktaba ya mkoa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ilipochagua *Mexican Gothic* ya Silvia Moreno-Garcia, iliyotoka mwaka 2020, nilikubali shingo upande. Nakala zilikuwa mbili kwa watu tisa. Tuliisoma kwa zamu, kwa Kiingereza, kisha tukaijadili kwa Kiswahili.

Kisa ni cha miaka ya 1950 nchini Meksiko. Noemí, binti wa tajiri wa mjini, anatumwa kumwangalia binamu yake Catalina, aliyeolewa na akina Doyle, Waingereza wanaoishi mlimani karibu na mgodi wa fedha uliokufa. Kuta za nyumba yao zimeota kuvu, na mzee Howard Doyle anaipima rangi ya ngozi ya mgeni wake kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani. Mandhari hayo mwandishi ameyachota Real del Monte, mji wa jimbo la Hidalgo ambako wachimbaji kutoka Cornwall walifika miaka ya 1820, na ambako makaburi ya Waingereza yapo hadi leo.

Nilikwenda siku ile na hoja zangu tayari: ukoloni, mtaji, itikadi ya ubora wa damu. Nilizungumza karibu robo saa. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alisubiri nimalize.

"Daktari mwanangu, hayo yote sawa," akasema. "Mimi nimekwama kwa yule daktari wa familia. Anasema Catalina ana kifua kikuu. Wewe ulimwamini?"

Kisha akatueleza habari za zahanati aliyofanyia kazi jirani na machimbo. Wanaume walikuja wamekonda, wakikohoa, wakaandikiwa kifua kikuu. Baadhi walikuwa nacho kweli, kwa kuwa vumbi la mwamba likishatua mapafuni humfungulia mlango ugonjwa huo. Wengine walimaliza dawa zote na kikohozi kikabaki palepale.

"Kifua kikuu ni cha mtu," akasema. "Vumbi ni la mgodi. Ukiandika la kwanza peke yake, mgodi haudaiwi."

Sikuwa na la kujibu. Baba yangu mdogo alichimba kwa miaka kumi na miwili. Alirudi nyumbani akiwa hawezi kupanda kilima cha kwetu bila kupumzika mara tatu. Kadi yake iliandikwa kifua kikuu. Tulimtengea kikombe, sahani na mkeka, na mimi, kijana wa sekondari niliyejiona mwelewa, ndiye niliyesisitiza kikombe kile kisichanganywe na vingine. Alifariki akinywea kikombe chake peke yake.

Miaka baadaye niliandika tasnifu ya udaktari kuhusu mikataba ya madini. Nilihesabu mrabaha, misamaha ya kodi na tani zilizosafirishwa. Vumbi halikupata hata ukurasa mmoja. Ilibidi nisome hadithi ya nyumba iliyolaaniwa ili niulize swali ambalo muuguzi yule alikuwa nalo siku zote.

Mjadala wetu wa madini hupenda kuuliza nani ameondoka na dhahabu. Ni swali halali. Lakini lipo jingine: nani amebaki na vumbi, na limeandikwa kwa jina gani? Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nayo inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Hata hivyo, ugonjwa ambao zahanati haikuuhusisha na kazi hufika mbele ya sheria hiyo ukiwa bubu. Zahanati zilizo jirani na machimbo zinahitaji vipimo, na zaidi zinahitaji mtumishi anayemuuliza mgonjwa: ulikuwa ukifanya kazi gani?

Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamwuliza kama kadi ya baba mdogo ipo. Akasema ilichomwa pamoja na mkeka. Kikombe kipo, hakuna aliyethubutu kukitumia.

Ndugu msomaji, kama kwenu ipo kadi ya namna hiyo, usiichome.