Kwa Baiskeli Mpaka Msitu wa Karura

Wakaaji wa Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi wamezoea baiskeli iwapelekayo kazini. Lakini baiskeli iyo hiyo yaweza kumfikisha mtu msituni siku ya mapumziko. Aondokaye Kaloleni hupitia Pumwani na Pangani mpaka Muthaiga, kisha hushika barabara ya Kiambu hata langoni pa Karura. Sehemu hii ya mwanzo ndiyo ngumu, kwa sababu ya matatu na malori. Afadhali kuondoka alfajiri.

Ndani ya lango kuna kiingilio cha kulipa, na lami hubaki nyuma. Njia za udongo mwekundu hushuka mabondeni hata Mto Karura, penye maporomoko ya maji na mapango, kisha hupanda tena kati ya mikalitusi na miti ya asili. Njia panda zimetiwa nambari, hivyo mgeni hapotei upesi. Wakati wa masika udongo huteleza mno. Breki zikaguliwe mapema.

Msitu huu wa hekta zipatazo 1,000 ulikaribia kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakapigwa hata wakatoka damu. Hawakunyamaza, na msitu ukabaki. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Basi mwenye baiskeli na afuate njia zilizowekwa, asikanyage miche. Kivuli kile kimekwisha kulipiwa.