KARIAKOO: KUSAKA KOMPYUTA YA KUENEA GETONI

Kama unataka kujua Dar imejaa watu kiasi gani, shuka kituo cha Msimbazi Polisi saa nne asubuhi ya Jumamosi. Basi la Mwendokasi kutoka Kimara likifungua milango, wewe hushuki, unashushwa. Ukijikuta barabarani una viatu vyote viwili na simu bado iko mfukoni, mshukuru Mungu, safari ndiyo kwanza imeanza.

Hatua ishirini tu, winga huyo! "Kaka, simu? Laptopu? Dada, nikusaidie nini? Kuangalia bure!" Kwa wale wa mikoani ambao hawajamjua winga, huyu ni kijana asiye na duka wala meza. Duka lake ni mdomo. Anakushika mkono, anakupeleka kwa tajiri mwenye mali, halafu chake anakipata juu ya bei. Watu wengi wanamkimbia, mimi simkimbii. Winga mzuri anajua kitu kilipo kuliko ramani, ila mwambie mapema unataka nini na usimwonyeshe bajeti yako.

Safari hii nilimsindikiza binamu yangu, binti wa shangazi, ana miaka 22. Kazi yake ni kuhariri video za kichen pati, sendofu na harusi. Mpaka juzi alikuwa anakodi mashine ya mtu kwa saa, na mwenye mashine akifunga saa mbili usiku, kazi inalala. Bibi harusi hataki kusikia habari ya kulala. Mwezi huu zamu yake ya mchezo ikafika, akapokea milioni moja na laki mbili. Zamu yake imepita, lakini kuchangia bado, miezi minane mbele. Kwa hiyo hela ile ilikuwa ni deni lililovaa nguo ya sikukuu. Ikiliwa na mashine mbovu, binti ameumia.

Sasa kuna tatizo la pili, nalo ni chumba. Amepanga Mwananyamala, futi kumi kwa kumi. Humo kuna kitanda, jiko la gesi, ndoo, begi la nguo na meza moja. Na wapangaji wa Dar tunajuana: leo Mwananyamala, kodi ikiisha mwenye nyumba kapandisha, kesho Tabata. Kompyuta ya mtu wa namna hii lazima ikae mezani bila kumfukuza mwenye meza, na siku ya kuhama ikae mapajani kwenye bajaji.

Mtaani lile kasha wanaliita "CPU". Fundi akikusikia anacheka, maana CPU yenyewe ni prosesa, kidude cha kuenea kiganjani kilichomo ndani. Lakini lugha ni ya watu, ukifika dukani sema hivyo hivyo utaeleweka.

Kupima ukubwa wa kasha wala si elimu ya chuo kikuu. Chukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha vyote, gawanya kwa elfu moja. Unapata lita. Kasha la kawaida lile refu, sentimita 45 kwa 21 kwa 45, ni lita 42 na ushee. Yaani madumu mawili ya maji yamesimama mezani! Wapenda makasha madogo wa Ulaya na Marekani wanataka chini ya lita 20, dumu moja. Lipo moja lililowapagawisha mwaka 2020, Cooler Master NR200, lita 18 na robo, na bado linameza kadi ya picha ndefu. Tatizo ni kwamba kasha la namna hiyo linataka mazabodi ndogo kabisa, ile ya Mini-ITX ya milimita 170 kwa 170 iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, na pawa saplai ndogo ya aina ya SFX. Vitu hivyo vikiwa vidogo bei inakuwa kubwa, na Kariakoo kuvipata vya mtumba ni kama kutafuta shilingi iliyoanguka Jangwani wakati wa mafuriko.

Basi tukaingia mitaa ya Aggrey na inayopakana nayo. Hapa raha yake we acha tu. Huku wauza kava za simu, huku mama anapita na beseni la maandazi, juu spika inatangaza chaja, chini mkokoteni unapiga kelele "miguu! miguu!" Eneo hili lenyewe limepewa jina la wapagazi, wale wa Carrier Corps waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo mtu asiyebeba kitu hapa anaonekana kapotea njia. Soko kubwa alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 na likaungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaani iliendelea. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo hapa zimepangwa kama matofali.

Duka la kwanza, muuzaji akatuletea zile nyembamba za mtumba, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, mali iliyotumika maofisini Ulaya. Nyembamba kama mkoba wa mwalimu. Binamu macho yakamng'aa. Na mimi nasema wazi, kwa mwenye kibanda cha stesheneri, wa kuchapa barua na kutoa nakala, usihangaike, chukua hiyo nenda zako. Zinadumu, na zile zilizotoka Uingereza plagi yake ni hii hii yetu ya miguu mitatu.

Kwa video ni hadithi nyingine. Kwanza, nafasi ya kadi ya picha ndani yake ni ya nusu kimo, kwa hiyo kadi za kawaida haziingii hata ukizibembeleza. Pili, pawa saplai yake ni ya wati 200 na kitu, na nyingi kati ya hizo mashine zina umbo na soketi zao wenyewe ambazo hazifanani na za mwingine. Umeme ukikatika na kurudi kwa hasira, kile kipawa kikaungua, huwezi kuokota kingine rafu ya jirani. Utatafuta cha jina lile lile, modeli ile ile. Tatu, angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, karibu zote, kizazi cha 8 kwenda mbele. Ndiyo maana usishangae kuona za kizazi cha 4 na cha 6 zinamwagwa kwa bei ya kutupa.

Tukashukuru, tukatoka. Winga akanuna kidogo, tukamnunulia maji baridi akarudi mchezoni.

Jibu la mtu wa kipato chetu liko katikati, nalo linaitwa Micro-ATX. Mazabodi ya milimita 244 kwa 244, ipo tangu 1997, imejaa kwenye mtumba, inakubali pawa saplai ya kawaida inayouzwa kila duka. Makasha yake madogo ni ya lita 25 hivi. Dumu moja na jagi.

Duka la tatu ndipo tulipoyakuta. Moja lina kioo mbele na taa za disko, zinabadilika nyekundu, bluu, kijani. Jamani linapendeza! Lakini kioo hakipitishi hewa, na Dar ya Februari siyo Njombe. Ukiziba mbele, feni zinazungusha joto lile lile ndani mpaka mashine inajipunguza mwendo yenyewe. Pembeni lilikuwepo jeusi, halina mbwembwe, mbele wavu mtupu na kichujio cha vumbi kinachochomoka ukakikung'uta. Nikamwonyesha binamu. Akalitazama kama mtu aliyeposwa na mwanaume asiyemtaka.

"Kaka, hili la kizee."

"La kizee ndilo litakalokuhariria harusi."

Muuzaji akataja laki na ishirini, "na pawa saplai humo humo, bosi, wati 500." Nikaomba niishike. Nyepesi kama bati la sadolini tupu! Msomaji, hili lishike: pawa saplai nzito siyo lazima iwe nzuri, lakini nyepesi kama karatasi ni ya kukimbia. Karatasi ya nje mtu anaweza kuandika hata wati elfu. Tukasema kasha tunalitaka bila hiyo zawadi, likaangukia themanini na tano. Pawa saplai tukanunua ya jina linalojulikana, yenye risiti.

Mazabodi, prosesa Core i5-8400, ram gigabaiti 16 na kadi ya GTX 1650 tukachukua mtumba kwa fundi mmoja ghorofa ya pili, mzee wa makamo, mpole. Binamu akampigia shikamoo na bei ikashuka yenyewe. Kadi ile haitaki waya wa ziada, inakula wati 75 kutoka kwenye mazabodi, na yenye feni moja ina sentimita 17 tu, inakaa ndani ya kasha bila kugusana na mtu. Kabla ya kulipa tukamulika soketi ya prosesa kwa tochi ya simu kuangalia kama kuna pini iliyopinda, halafu tukamwomba aiwashe hapo hapo mezani. Muuzaji asiyetaka kuwasha, muage kwa heshima.

Kufunga tulifungia Mwananyamala, sakafuni, tumetandika boksi. Kwenye kasha dogo utaratibu ndiyo kila kitu, maana mkono hauna pa kupita. Shika kwanza chuma cha kasha utoe umeme wa mwilini. Prosesa, peisti ya kupozea, feni yake na ram, vyote funga mazabodi ikiwa bado nje. Bati la nyuma la matundu likitangulia kuwekwa, ndipo mazabodi ishuke juu ya vinundu vyake, kila tundu na kinundu chake, kisichokuwa na tundu king'oe kisije kikapiga shoti. Nyaya za pawa saplai zipitishe mapema, zikunje upande wa nyuma. Vile viwaya vidogo vya swichi ya mbele ndivyo vinavyotoa jasho, fungua kitabu cha mazabodi kwenye simu usome, usibahatishe. Kadi ya picha iingie mwisho. Feni ya mbele ivute ndani, ya nyuma itoe nje.

Tulitumia saa mbili na nusu, bisibisi moja, na skrubu moja iliyopotea chini ya jiko la gesi mpaka leo. Mashine ikawaka mara ya kwanza. Binamu hakushangilia, alinyamaza tu akaweka mkono nyuma ya kasha kusikia upepo unavyotoka.

Usiku ule ule akapakia sendofu ya watu wa Mbagala iliyokuwa imekwama tangu Jumatano. Meza imebaki na nafasi ya sahani na kikombe. Stabilaiza tuliinunua kwa chenji ya mwisho, UPS itasubiri. Michango ya mchezo imebaki saba, na harusi alizonazo mkononi mpaka Aprili ni nne.