Chachu Yajuaje Upande wa Kuchipua?

Nataka kuwasimulia kosa nililolitenda darasani, na jinsi chachu ilivyonifundisha kulijutia. Siliandiki ili nihurumiwe, bali walimu wenzangu na wazazi wapate kujiangalia.

Kila mama ajuaye kuumua unga aijua kazi ya hamira. Hutia kidogo tu, hukanda, hufunika kwa kitambaa, na akirudi aliona donge limefura. Nasi tusomao Injili twaukumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya mwanamke na chachu yake. Lakini ni wachache waliopata kuiona chachu yenyewe, maana kila moja ni chembe hai ndogo mno; ukizipanga 200 katika mstari, urefu wake ni karibu milimita 1 tu.

Mwaka mmoja niliazima hadubini katika shule ya jirani. Nikakoroga hamira katika maji ya vuguvugu yenye sukari, nikaweka tone moja juu ya kioo. Wanafunzi wakachungulia mmoja mmoja, wakaona vidude vya mviringo kama mayai, na vingine vina kitoto ubavuni. Kwa maana chachu ya mkate huzaa kwa kuchipua: kitoto hutokea upande mmoja, hukua, kisha hutengwa na mama yake.

Basi, kijana mmoja alikawia sana kwenye hadubini, hata wenzake wakamsukuma. Akainua kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu. Chembe hii haina kichwa wala miguu. Yajuaje upande wa kuchipua? Na mbona huchipua mahali pamoja tu, isichipue kote?"

Swali lile lilikuwa jema kupita yote niliyoulizwa mwaka ule, nami sikujua jibu lake. Walakini, badala ya kukiri, nikamjibu kwa ukali, "Ndivyo Mungu alivyoiumba. Nenda ukaketi." Wenzake wakacheka. Akaketi, na tangu siku ile sikumsikia tena akiuliza neno.

Usiku sikuwa na raha. Neno nililosema lilikuwa kweli, lakini nililisema kwa hila. Nililitumia jina la Mungu kama kawa la kufunikia chungu kitupu. Nikaazimia kutafuta jibu, nikasoma na kuuliza kwa wajuao, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika nchi ya Marekani, mjini Seattle, alikuwako mtaalamu aitwaye Leland Hartwell. Karibu na mwaka 1970 alikusanya chachu zenye kasoro, ambazo hukua vema katika ubaridi, lakini zikitiwa katika joto, kazi yake ya kuzaliana hukwama. Kila kasoro ikapewa jina la Cdc na namba yake. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Tim Hunt na Paul Nurse wa Uingereza. Tena mwaka 1990 wataalamu wengine wa Marekani wakatangaza habari za Cdc42. Chachu yenye kasoro hii, ikiwa katika joto la digrii 37, hufura ikawa kubwa ya mviringo, na kiini chake hugawanyika, lakini kitoto hakitokei kamwe. Haijui tena upande.

Hiyo Cdc42 ni protini, yaani kitu kilichoungwa kwa viungo 191 kama shanga katika uzi mmoja. Hukaa katika utando uzungukao chembe, nayo ina hali mbili: kulala na kuamka. Hulala inaposhika kitu kiitwacho GDP, chenye fosfeti mbili. Huamka inapopewa GTP, yenye fosfeti tatu. Ni mfano wa mlinzi mwenye taa: mafuta yakiisha husinzia, akijaziwa hukesha. Tena yuko msaidizi aitwaye Cdc24, ambaye kazi yake ni kuiondoa ile GDP ili GTP ipate kuingia.

Protini zilizoamka huita nyingine. Moja ya hizo ni Bem1, nayo huvuta Cdc24 nyingi zaidi mahali pale pale, na hizo huziamsha jirani zake. Hivyo palipoanza na wachache hukusanyika wengi, kama watu wanaovutwa na moto wakati wa baridi. Na kwa kuwa wasaidizi hawa si wengi, palipotangulia hupata, pengine hukosa. Kwa sababu hii kitoto hutokea mahali pamoja tu. Aghalabu mahali penyewe huonyeshwa na alama zilizoachwa na uzazi uliotangulia. Njia ya alama hizo ikiharibiwa, chembe huchagua mahali popote, lakini bado ni pamoja.

Tena chachu zina namna mbili, a na alfa, zinazoweza kuoana. Namna ya alfa hutoa kitu kilichoungwa kwa viungo 13, nacho ni kama hodi. Chembe ya namna ya a ikiisikia, huacha kuchipua, na Cdc42 huamshwa upande ule hodi inakotoka. Ndipo chembe hunyosha mdomo kumwelekea mwenzake.

Walakini kuamka peke yake hakutoshi. Baada ya kazi, fosfeti moja ya GTP hukatwa, protini ikalala. Wataalamu waliigeuza Cdc42 isiweze kulala, na chembe ile ikavimba, ikatoa vichipukizi vingi, ikafa. Wala jambo hili si la chachu tu. Katika miili yetu imo Cdc42. Kati ya viungo 100, karibu 80 ni sawa na vya chachu, na ile ya binadamu ikitiwa ndani ya chachu huweza kuifanya kazi ile ile.

Nilipokwisha kuyajua haya, nikamtafuta yule kijana. Alikuwa amekuwa mtu mzima, akifanya kazi ya useremala.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulipa deni."

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, nikamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, randa mkononi. Kisha akasema, "Mwalimu, miaka hii yote nilidhani swali langu lilikuwa dhambi."

Neno hilo likanichoma kuliko lawama. Nikamwambia, "Dhambi ilikuwa yangu. Aliyeziumba kazi hizi hachukizwi na mtoto anayeziangalia."

Akatabasamu, akaiweka randa chini. "Basi, mwalimu, nikuulize. Ile Cdc24 iamshayo wengine, yenyewe huamshwa na nani?"

Mara hii sikutafuta kawa. Nikamjibu, "Njoo kwangu Jumamosi, tutafute pamoja." Akaja, tena alimleta na binti yake mdogo, naye alikuwa na maswali matatu.