Utani wa Chumba cha Zamu

Wanafunzi wa udaktari, popote walipo duniani, wana desturi ya kujiwekea udugu wao wenyewe. Huko Marekani walianzisha vyama vyenye majina ya herufi za Kiyunani. Kimoja kilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1882. Kingine kilianzishwa mjini New York mwaka 1904 na wanafunzi wa Kiyahudi wa Chuo cha Udaktari cha Cornell, maana milango ya vyama vya wengine ilikuwa imefungwa mbele yao. Udugu nitakaowasimulia leo ni wa kale kuliko hiyo, nao hauna kadi ya uanachama wala herufi za Kiyunani. Ni udugu wa meza. Makao yake ni chumba cha zamu katika hospitali za Paris, nami niliketi kwenye meza hiyo kwa miezi kumi, tangu mwaka 1984 hadi 1985, nilipopelekwa Ufaransa kujiongezea ujuzi wa magonjwa ya watoto.

Asili yake ni hii. Mwaka 1802 halmashauri iliyosimamia hospitali za mji ule iliamua kwamba wanafunzi wachache, watakaoshinda mtihani mgumu wa kushindania nafasi, wapewe kazi na malazi ndani ya hospitali. Ndiyo sababu mmoja wao huitwa interni, yaani mtu wa ndani. Mimi nitawaita wakaazi. Vijana hao walilala humo, walikesha humo, na aghalabu waliugulia humo humo. Kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832 na kuua watu zaidi ya 18,000, mkaazi hakuwa na mahali pa kukimbilia; wagonjwa walikuwa chini ya dari moja naye. Alichokuwa nacho ni chumba kimoja chenye meza ndefu na moto wa kuota, ambamo waliokuwa zamu walikula na kusubiri kengele. Desturi zote nitakazozieleza zilikulia katika chumba hicho.

Kwanza, amri za meza. Kila hospitali huwa na mkuu wa meza anayechaguliwa na wakaazi wenzake. Kazi yake halisi ni kutunza fedha za chakula, lakini wakati wa mlo ana madaraka ambayo hata profesa hathubutu kuyapinga. Achelewaye kuingia haketi apendapo. Huzunguka meza akipita nyuma ya waliokwisha kuketi, akimgusa kila mmoja mgongoni pasipo kumruka mtu, kisha huketi kwenye kiti kinachofuata cha yule aliyemtangulia kufika. Hakuna kiti cha mkubwa wala cha rafiki. Mpasuaji aliyetoka kufanya kazi ya saa sita hujikuta ubavuni mwa mfamasia aliyeanza kazi juzi. Hakuna vitambaa vya kufutia mikono. Kitambaa cha meza kinatosha. Kupiga makofi ni mwiko: anayetaka kusifu jambo hugonga sahani kwa kisu chake, na wengine humfuata kwa mdundo wanaoujua wao. Avunjaye amri hupelekwa kwenye gurudumu lililotundikwa ukutani, ambalo limeandikwa adhabu pembezoni. Gurudumu huzungushwa, na linaposimama ndipo hukumu yake ilipo: huyu aimbe, yule anunue mvinyo wa kesho. Adhabu nyingine sitazitaja, maana ukurasa huu husomwa na watoto.

Lakini amri iliyo kubwa kupita zote ni hii: kabla ya kahawa, hairuhusiwi kutamka neno lolote la udaktari. Si jina la dawa, si habari za mgonjwa, si hata kusema kwamba umechoka kwa sababu ya kazi. Siku zangu za kwanza niliiona amri hii kuwa ya kipuuzi. Nilikuwa nimesafiri maili elfu kadhaa ili nijifunze tiba, na hawa wanabishana saa nzima juu ya jibini!

Mtu anapomaliza muda wake na kuondoka, wenzake humfanyia mazishi. Hubebwa kama maiti, husomewa historia ya maisha yake iliyojaa uongo na matusi, na wote hujifanya wanalia. Mkaazi mmoja kutoka Lyon aliponieleza haya alitazamia nishtuke. Nilicheka, nikamwambia kwetu mambo hayo yapo, tena yana jina.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria msiba wa Mzaramo mahali walipo Wanyamwezi, au kinyume chake, anajua ninachosema. Mtani huja akiwa amevaa matambara, huigiza mwendo wa marehemu, hudai deni ambalo halikuwapo, na wakati mwingine hushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mgeni asiyejua huweza kudhani hawa watu hawana adabu. Lakini mtani amekuja kufanya kazi ambayo ndugu wa damu haiwezi: kuukabili uso wa mauti bila kuinamisha kichwa. Wakaazi wa Paris, nilivyowaona, walikuwa watani wa kifo. Kila siku walikutana nacho wodini, na kila mchana walikifanyia mzaha mezani.

Nitaeleza usiku mmoja tu. Ilikuwa mwezi wa Februari, baridi kali, nami nilikuwa zamu katika wodi ya watoto. Aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya uti wa mgongo. Tulimpigania mpaka alfajiri, akafariki. Mama yake hakulia. Alimvalisha mtoto soksi, akaniuliza kama huko anakopelekwa kuna baridi. Mchana wake niliingia chumba cha zamu, nikazunguka meza, nikagusa migongo kumi na minne, nikaketi. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa kuwa amri hairuhusu, wala mimi sikulazimika kusema kitu. Walikuwa wanabishana kama sungura apikwe kwa haradali au kwa plamu. Basi, walipofika katikati ya nyama, mkuu wa meza akagonga bilauri yake, akatangaza kwa sauti ya hakimu: "Leo kahawa kwanza." Wote wakanyamaza. Kahawa ikaletwa kabla ya jibini, jambo ambalo kwa Mfaransa ni kama kuvunja sheria ya nchi. Alinimiminia mimi wa kwanza. Nikawasimulia habari za zile soksi.

Tangu siku hiyo niliielewa ile amri. Ukimya kabla ya kahawa ni ukuta wa nyumba, na mlango wake hufunguliwa na watu wanaokutazama usoni. Kama kungekuwa hakuna amri ya kunyamaza, kahawa ile isingekuwa na maana yoyote.

Hata hivyo, chumba kile kilikuwa na kuta nyingine. Tangu zamani wakaazi wamewaalika wachoraji kupamba vyumba vyao. Katika hospitali ya La Charité, mwaka 1859, mmoja wa waliochora alikuwa Gustave Doré, aliyepata sifa duniani baadaye kwa michoro yake ya Biblia. Baadaye uchoraji huo ulikwenda njia yake, na katika hospitali nyingi kuta zikajazwa picha za uchi. Walimu walichorwa, wauguzi walichorwa, wakaazi wenyewe walichorwa, kila mmoja akitambulika kwa sura yake, wakifanya mambo ambayo hufanywa gizani. Mimi, binti wa mwalimu wa shule ya misheni kutoka Songea, nilikula wali wangu chini ya picha hizo kwa miezi kumi. Niliizoea mezani. Kuta sikuzizoea, na sikuona sababu ya kuzizoea.

Wenyeji wangu walinijibu kwamba ni mila, na kwamba wanaume nao wamechorwa. Ni kweli walichorwa. Lakini wanaume ndio walioshika brashi kwa miaka mingi, na wanawake hawakualikwa kwenye meza ile. Waliingia kwa kupigana. Wanawake walipoomba kufanya mtihani wa ukaazi katika miaka ya 1880, madaktari wengi wa Paris walitia saini kupinga. Walidai mwanamke hana nguvu za kukesha. (Kana kwamba wao walizaliwa na kunyonyeshwa mchana tu!) Wanafunzi wakatengeneza sanamu ya Blanche Edwards, mmoja wa waombaji, wakaichoma moto katika barabara ya Saint-Michel. Aliyewafungulia wanawake mlango mwaka 1885 hakuwa daktari, bali mkuu wa mkoa wa Seine, Bwana Eugène Poubelle. Ndiye pia aliyewalazimisha wenye nyumba wa Paris kuweka mapipa ya taka, na mpaka leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake. Mwaka uliofuata Augusta Klumpke, mzaliwa wa San Francisco, alishinda mtihani akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkaazi kamili. Kila daktari wa watoto anamjua: ule ulemavu wa mkono unaompata mtoto aliyevutwa vibaya wakati wa kuzaliwa una jina lake. Nilipokuwa nikiizunguka meza na kugusa migongo, mara nyingi nilijiuliza mgongo wa kwanza aliougusa mama yule ulikuwa wa nani, na kama mwenye mgongo aligeuka.

Hapa ndipo utani wetu unapoweza kuwafundisha Wafaransa. Mtani hukutania, nawe una haki ya kumtania. Akichukua kuku wako leo, wewe utachukua mbuzi wake kesho. Haki hiyo ikiondolewa upande mmoja, kinachobaki ni matusi. Mezani nilikuwa na haki hiyo, nikaitumia. Kijana mmoja aliponiuliza kama kwetu tunawatibu watoto juu ya miti, nilimjibu ndiyo, na kwamba balozi wa Ufaransa ana tawi lake mwenyewe kwa sababu ni mzito. Visu viligonga sahani mpaka muhudumu akachungulia mlangoni. Yule kijana alikuwa rafiki yangu mpaka nilipoondoka. Lakini ukuta haujibiwi. Msichana wa miaka ishirini na minne anayeingia akiona profesa wake na muuguzi wake wamechorwa vile, atamjibu nani?

Wafaransa wenyewe wamefika huko, ingawa polepole. Mwaka 1998 walipitisha sheria inayofanya kuwaonea na kuwadhalilisha wanafunzi wapya kuwa kosa la jinai. Mwaka 2015 picha moja katika hospitali ya Clermont-Ferrand, iliyoonyesha mwanamke akiingiliwa na kundi la wanaume, ilizusha ghadhabu nchi nzima. Mwezi Januari 2023 Wizara ya Afya iliagiza hospitali ziziondoe picha za namna hiyo kutani. Wazee kadhaa walilalamika kwamba udugu unauawa. Mimi si Mfaransa, lakini niliketi pale, na kwa maoni yangu wamechanganya mambo mawili. Rangi nyeupe ukutani haimzuii mtu kumgusa mwenzake mgongoni. Kinachoua udugu huo ni kingine: mlo wa haraka unaoliwa wima, zamu zilizokatwa vipande, na vyumba vya zamu vinavyofungwa ili pawekwe ofisi.

Hayo nayaandika nikiwa na shauku ya mzazi. Binti yangu mdogo yuko katika mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja hapa nchini, ambayo sitaitaja. Wakubwa zake hawamchori ukutani, namshukuru Mungu. Lakini hawali naye pia. Hula chapati na chai kwenye ngazi za nyuma, simu mkononi, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wiki tatu zilizopita alipoteza mama mzazi na mtoto kwa usiku mmoja. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akaniambia, "Mama, leo sitaki kula." Nilimwuliza wenzake wamesemaje. Akasema hawajui, kila mmoja alikuwa na wodi yake.

Baba yake alisema mtoto amechoka, aachwe alale, nami nikamwacha. Jioni niliwapigia simu wenzangu wanne tuliostaafu pamoja. Tukazungumza habari za meza. Mmoja ana shemeji yake fundi seremala Keko. Mwingine alidhani jambo hili ni la Kizungu mno, mpaka nilipomkumbusha babake alivyoshuka katika kaburi la mtani wake akadai shilingi mbili. Sasa meza imekwisha kuchongwa, ya mninga, ya watu kumi na sita. Imefunikwa kwa turubai uani kwa fundi, na mganga mkuu wa hospitali ametuahidi chumba, kama stoo ya majokofu mabovu itahamishwa.