Twende Gerezani, Ila Siyo Jela!

Ukimwambia mtu aliyeingia jijini jana kwamba ulishinda Gerezani, atakuuliza nani alikuwekea dhamana. Msamehe bure. Watoto wa mjini wanajua Gerezani ya Dar ni pale jirani na Kariakoo, kwenye kituo cha mwendokasi, na kwamba ukisogea hadi Shauri Moyo, Ilala, chuma unachokitafuta kipo. Nyundo zinalia kutwa, oili chafu chini, na mkokoteni ukija nyuma yako kumbuka hauna breki!

Siku hizi utakutana na vijana wenye ugonjwa wa Land Rover za kizamani, hasa tangu zilipofurika Arusha kwenye tamasha lao Oktoba 2024. Mshikaji ananunua 109 ya Series IIA, gari iliyokoma kutengenezwa 1971, anaipiga rangi, anaivisha matairi ya kibabe, kisha anawaahidi washikaji safari ya Ziwa Natron. Kasheshe linaanzia hapo. Tairi likiwa kubwa, hafu shafti ndiyo inayobeba msalaba, na za nyuma za ekseli ya zamani aina ya Rover ni nyembamba, zenye meno 10 tu. Mchanga, mzigo, mguu mzito kwenye klachi... kwisha kazi!

Dawa anayoisaka kila mtu ni Salisbury, ile ekseli ya nyuma ya 109 za Series III. Utaijua kwa tumbo lake kubwa la mviringo lenye mfuniko kwa nyuma. Shafti zake ni nene, meno 24. Ila usidhani ni mteremko: ni zito kweli, tumbo lake linaning'inia chini zaidi na kugonga mawe, na kule mbele linataka propela fupi kuliko uliyonayo. Yuboliti nazo ni tofauti, kwa hiyo dai upewe za kwake humo humo. Propela ikikatwa na kuungwa ovyo, gari litatetemeka mpaka meno yakuume.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapolizwa. Muuzaji atakuonyesha ekseli ya Range Rover au Defender na kukwambia, "Hii inaingia tu, bosi." Tabasamu, halafu omba chaki. Mtu mmoja ashike habu ya upande mmoja isizunguke. Wewe zungusha habu ya pili raundi mbili kamili, huku mwenzako akihesabu raundi za flenji ya propela. Ikienda karibu nne na robo tatu, hiyo ni 4.7, ndugu ya ile ya mbele ya gari lako. Ikienda tatu na nusu, ni 3.54. Iache hapo hapo! Ukiweka foo-wili kwenye barabara kavu, mbele na nyuma zitavutana kama mashemeji kwenye mirathi, na gia boksi ndiyo itakayolia.

Habu ikicheza ukiitikisa juu na chini, beringi zimechoka. Oili ikimeremeta unga wa chuma, krauni inalika. Muuzaji akikataa usifungue mfuniko, salimia uondoke.

Na kama mfuko hauruhusu Salisbury? Rudisha matairi ya saizi ya kiwandani, beba shafti mbili za akiba na spana zake. Uzuri wa ekseli hizi zote mbili ni kwamba tairi linakaa kwenye habu, halitegemei shafti. Ikikatika porini, chomoa shafti zote mbili za nyuma na vipande vyake, ingiza foo-wili, urudi ukivutwa na tairi za mbele. Polepole lakini! Ziba matundu ya habu kwa kitambaa na plastiki, vumbi la Natron halina adabu.